Muuguzi anachanja HPV darasa zima, yeye mwenyewe hajachanjwa. Kikwazo ni nini?

#1 Nesi wa Mikindani

Wakuu, salaam.

Tangu Aprili 2018 chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, inatolewa kwa mabinti nchi nzima. Huku kwetu wanaoibeba hadi shuleni ni wanawake kwa sehemu kubwa: wauguzi na wahudumu wa kliniki ya mama na mtoto, kuanzia zahanati za Nanyumbu na Liwale mpaka Mtwara mjini na Lindi mjini. Haohao ndio wanaofanya VIA (kipimo cha kupaka siki mlango wa kizazi kutafuta dalili za awali za saratani), wanaoosha spekulamu (kifaa cha kufungulia uke), wanaoshika taa wakati mlango wa kizazi unachomwa. Muulize mmoja wao habari za homa ya ini B atakujibu papo hapo: nimemaliza tatu, au nimebakiza moja. Muulize ya HPV, kimya.

Dai langu ni hili. Ule umri wa miaka 14 ulioandikwa kwenye mabango ya 2018 umesomwa kana kwamba ni mpaka wa mwili, kwamba ukiuvuka chanjo haikufai tena. Si kweli. Ni mpaka wa dozi zilizokuwepo na fedha iliyokuwepo. Gardasil, moja ya chanjo za HPV, imesajiliwa kwa umri wa miaka 9 hadi 45 katika nchi nyingi. Aliyekuwa na miaka 14 mwaka 2018 amezaliwa 2004 hivi. Kwa hiyo karibu kila mtumishi mwanamke aliyezaliwa kabla ya hapo hajawahi kufikiwa na mpango wa taifa hata siku moja, na hakuna aliyemwambia kwamba mlango haujafungwa.

Wenye ujuzi karibuni. Naomba tuandike vitu vya kumsaidia mtu kesho asubuhi akiwa kazini.

#2 Korosho Ghafi

Mleta uzi, chanjo hii ni ya ambaye hajaanza kujamiiana. Mama wa miaka 35 mwenye watoto watatu kirusi kimeshapita kwake zamani. Afanye VIA, basi. Kumchanja ni kumwaga dawa.

#3 Tabibu wa Ruangwa

Korosho Ghafi, nusu ya maneno yako ni sahihi, na nusu iliyobaki ndiyo inayowakosesha watu chanjo.

Sahihi ni kwamba chanjo haitibu. Kirusi kilichokwisha kuingia kwenye seli hakiondolewi nayo, na kidonda cha awali hakirudi nyuma kwa sababu umechanjwa. Kosa ni kuihesabu HPV kama kitu kimoja. Gardasil ya aina nne inalenga HPV namba 6, 11, 16 na 18. Ile ya tisa inaongeza 31, 33, 45, 52 na 58. Mwanamke aliyekwisha kukutana na 16 huenda hajawahi kukutana na 18 wala 45, na kinga yake dhidi ya hizo bado inajengeka vizuri.

Kuna utafiti mkubwa uliofanywa kwa wanawake wa miaka 24 hadi 45, zaidi ya 3,800, kwa chanjo ya aina nne. Walipohesabiwa wale tu ambao hawakuwa na aina hizo mwanzoni na wakamaliza dozi zote, chanjo ilizuia 88.7% ya maambukizi sugu na vidonda vya aina hizo. Walipohesabiwa wote walioingia, wenye maambukizi na wasio nayo, ikashuka hadi 47.2%. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo ubishi wote wa uzi huu. Anayesema "haifai" anaitazama ya pili na kuiona ndogo. Anayesema "inafaa" anaitazama ya kwanza. Mimi naona 47 kwa mtu anayeishi kilomita mia kadhaa kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, si kitu cha kutupa.

Tena hakuna haja ya kupimwa HPV kwanza ndipo uchanjwe. Shirika la Afya Duniani halidai kipimo chochote kabla ya sindano.

#4 Famasia Lindi

Mnazunguka. Sababu ni moja tu: dozi ya mtu mzima haipo kwenye jokofu la serikali.

Chanjo ya HPV ya mpango wa taifa inaombwa kwa idadi ya mabinti wa umri uliolengwa, inapokelewa kwa idadi, inaandikwa kwa umri. Gardasil ya aina nne inakuja kichupa cha dozi moja, 0.5 ml. Si kama BCG au surua ambako kichupa kikishafunguliwa zinabaki dozi za kumwaga mwisho wa kliniki. Hapa hakuna mabaki. Kila kichupa anachojichoma mtumishi kina jina la binti fulani wa darasa fulani, hata kama jina halijaandikwa. Mratibu wa chanjo wa wilaya akihesabu vichupa na kulinganisha na daftari, pengo linaonekana siku hiyohiyo.

Kwa hiyo muuguzi anayejua faida zote hizo za Tabibu bado anarudi kwenye swali: naipata wapi? Jibu ni kununua mwenyewe kwenye vituo binafsi vya chanjo, na vingi viko Dar. Tuanzie hapo.

#5 Sindano Moja

Asante Famasia. Swali fupi: si tumeambiwa sasa dozi ni moja tu? Basi anunue moja, gharama inapungua.

#6 Tabibu wa Ruangwa

Sindano Moja, hapo ndipo wengi wanapojikwaa, kwa hiyo naandika taratibu.

Dozi moja ni ya mabinti. Ushahidi wake sehemu yake imetoka hapahapa Tanzania, utafiti wa Mwanza ulioitwa DoRIS, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waliogawanywa kupata dozi moja, mbili au tatu. Kenya nao wakafanya wa kwao kwa wasichana wa miaka 15 hadi 20, dozi moja ikazuia zaidi ya 97% ya maambukizi sugu ya 16 na 18 kwa miezi 18 ya mwanzo. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likaandika: miaka 9 hadi 20, dozi moja au mbili. Miaka 21 na kuendelea, dozi mbili zikiachana miezi 6. Mwenye kinga dhaifu, ikiwa ni pamoja na anayeishi na VVU, zisipungue mbili, na zikiwezekana tatu.

Sasa soma karatasi iliyomo ndani ya boksi la Gardasil. Kwa kuanzia miaka 15 inasema tatu: siku ya kwanza, mwezi wa 2, mwezi wa 6. Muuguzi wa miaka 33 ana majibu mawili mkononi, na yote mawili yametoka kwa wanaojua. Vituo binafsi hufuata karatasi ya boksi, kwa hiyo atauziwa tatu.

Akifuata tatu, ashike vipimo hivi: kati ya ya kwanza na ya pili pasipungue wiki 4, kati ya ya pili na ya tatu pasipungue wiki 12, na kutoka ya kwanza hadi ya tatu pasipungue miezi 5. Akichelewa, hata mwaka, haanzi upya. Anaendelea alipoishia. Watu wanaanzishwa upya bila sababu na kulipishwa mara mbili.

#7 Msimbati

Hamjagusa la kazini. Muuguzi wa chumba cha upasuaji anavuta moshi wa LEEP (kukata kidonda cha mlango wa kizazi kwa waya wa umeme). Ule moshi una kirusi. Daktari wa leza huko Norwei aliota vinyama kooni, vikapimwa, vikakutwa na HPV 6 na 11, zilezile za wagonjwa aliokuwa akiwachoma. Iliandikwa 1991. Kwa hiyo chanjo kwa mtumishi ni kifaa cha kujikinga kazini kama glavu, na mwajiri ndiye alipe.

#8 Maabara Nachingwea

Msimbati, kisa hicho ni cha kweli, na Ujerumani muuguzi wa chumba cha upasuaji wa wanawake alikubaliwa kuwa amepata vinyama vya koo kutokana na kazi. Mwaka 2020 chama cha Marekani cha wataalamu wa magonjwa ya mlango wa kizazi kilishauri watoa huduma wanaokutana na HPV mara kwa mara wachanjwe. Lakini tusilivute mno hilo. Visa vyenyewe vinahesabika, na jedwali la Shirika la Afya Duniani la chanjo za watumishi wa afya halina HPV. Kamati ya chanjo ya Marekani kwa wenye miaka 27 hadi 45 inasema mtu azungumze na daktari wake, na haitaji kazi yake.

Sababu ya HPV kutolingana na homa ya ini B ni moja ya msingi: HPV haikai kwenye damu. Kirusi kinaishi kwenye ngozi na utando laini. Mtumishi akijichoma sindano ya mgonjwa mwenye HPV, hakuna cha kufuatilia upande huo. Anafuatilia homa ya ini na VVU. Ndiyo maana kanuni ya ajali ya sindano haikuitaja, na pasipo kanuni hakuna bajeti.

Ila upande wa vyombo nakubaliana nawe kuliko ulivyosema mwenyewe. HPV haina gamba la mafuta. Spiriti inaua virusi vyenye gamba la mafuta, hiki hakijali. Kufuta kichwa cha mashine ya utrasaundi ya ukeni kwa pamba ya spiriti ni kujifariji. Maabara zimeonyesha HPV 16 inastahimili hata glutaraldehaidi, dawa kali ya kuzamishia vyombo, lakini klorini inaiweza.

Kwa spekulamu: klorini 0.5% dakika 10. Kama dawa yako ni ya 3.5%, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 6 za maji. Halafu osha kwa sabuni na brashi, fungua midomo yote miwili, sugua kwenye bawaba maana ndipo ute unapojificha. Suuza, kausha, kisha otoklevu (mashine ya mvuke) 121°C, dakika 20 kama havijafungwa, 30 vikiwa vimefungwa. Kosa la kila siku ni kuviacha kwenye klorini usiku kucha "vife vizuri". Chuma kinaota vidoti vya kutu, bawaba inakaza, na kwenye vile vidoti ndimo uchafu unapokaa safari ijayo. Kosa la pili ni kuchanganya klorini asubuhi na kuitumia mpaka jioni ikiwa imejaa ute. Nguvu inakuwa imekwisha zamani.

#9 Korosho Ghafi

Maabara umetoka kwenye chanjo umeingia jikoni kabisa. Lakini la spiriti nilikuwa silijui, nakushukuru.

Bado sijashawishika na la kumchanja mtu mzima. Nimeisoma #3 mara mbili.

#10 Matroni Kusini

Naongeza la moshi kwa wale wa LEEP, kwa sababu halisubiri bajeti ya chanjo.

Barakoa ya kawaida ya upasuaji haizuii moshi, unapita pembeni ya mashavu. Vaa N95 na uijaribu: funika kwa viganja, puliza, usisikie upepo kwenye daraja la pua. Mashine ya kunyonya moshi, mdomo wake uwe karibu kabisa na jeraha, sentimita 5 hivi. Ukiuweka mbali unanyonya hewa ya chumba tu. Kama mashine haipo, ziko spekulamu zenye mrija wa kunyonyea juu, zinaunganishwa na saksheni. Chujio lazima liwepo kati ya mrija na mashine, la sivyo unauhamishia moshi kwenye mota na kuupulizia upande wa pili wa chumba.

Na mjue nani yuko karibu zaidi. Daktari yuko kwenye kiti, uso umbali wa mkono mmoja. Msaidizi anayeinama kurekebisha taa na kushika spekulamu, pua yake iko juu ya moshi. Huyo ndiye kwa kawaida hana N95, kwa kuwa zilizopo zimetengwa kwa ajili ya kifua kikuu.

Vituo vya afya vya wilayani vingi vinatumia mashine ya kuchoma kwa joto, 100°C, sekunde 20 hadi 30 kila mguso. Moshi wake ni mdogo kuliko wa waya wa LEEP. Mdogo, lakini upo.

#11 Bi Mkunguni

Wote mmesema dozi, bei na moshi. Nisemeje nieleweke? Sababu ni aibu.

Kituo ni kidogo, watu wanne. Muuguzi akiomba ruhusa kwenda kuchanjwa HPV, mwenzake anajua ni kirusi cha zinaa. Mume akiiona kadi atauliza: "Umeipata wapi mpaka uchanjwe?" Huyu muuguzi anawafundisha akina mama kila Jumatano kwamba HPV inampata karibu kila mtu anayejamiiana, hata mwenye mume mmoja, na kwamba kwa walio wengi mwili unaiondoa wenyewe ndani ya miaka 2. Anaijua. Lakini kuifundisha ni kazi, na kuivaa mwenyewe ni jambo lingine. Hata VIA wanaifanyia kituo cha mbali ili wasivuliwe na mwenzao wa zamu.

Mkiitangaza kama chanjo ya saratani kwa watumishi wote wa kike siku moja, chumba kimoja, sawa na mlivyofanya ya homa ya ini, aibu inakufa. Anayekwenda peke yake anaonekana. Wakienda ishirini hakuna anayeonekana.

#12 Kuchele Daima

Bi Mkunguni umegonga. Lakini na uvumi msiusahau. Wako watumishi, sitaki kudanganya, wanaoamini chinichini kwamba inafunga kizazi. Hawasemi mbele ya mratibu.

#13 Famasia Lindi

Kuchele, hapo jibu ni kuifungua chupa kwa maneno. Dozi moja ya Gardasil ya aina nne ina protini ya ganda la kirusi, bila vinasaba ndani, mikrogramu 20 za aina ya 6, 40 za 11, 40 za 16 na 20 za 18. Chumvi ya alumini mikrogramu 225 ya kuamsha kinga. Chumvi ya kawaida miligramu 9.56, histidini miligramu 0.78, polisobeti mikrogramu 50, boraksi mikrogramu 35, maji. Hakuna homoni. Ganda tupu la protini haliwezi kuambukiza wala kugusa yai.

Uvumi huu hushika pale mtoa chanjo anaposema "ni salama" na kunyamaza. Mtaje vilivyomo, mmoja mmoja. Mtumishi mwenzako hasa, mpe karatasi ya boksi aisome mwenyewe.

Asiyepaswa kuipata ni aliyewahi kupata mzio mkali kwa dozi iliyotangulia, au mwenye mzio mkali wa hamira, kwa sababu protini hiyo inazalishwa kwenye hamira.

#14 Ndanda Road

Naulizia makundi matatu: mjamzito, anayenyonyesha, na anayeishi na VVU.

#15 Tabibu wa Ruangwa

Mjamzito asubiri ajifungue. Akichanjwa kabla hajajua ana mimba, hakuna cha kufanya zaidi ya kusimamisha dozi zinazofuata mpaka ajifungue. Mimba haitolewi kwa sababu hiyo, na kipimo cha mimba kabla ya sindano si sharti.

Anayenyonyesha anachanjwa.

Anayeishi na VVU ndiye wa kupewa kipaumbele kuliko wote kwenye uzi huu, kwa sababu hatari yake ya saratani ya mlango wa kizazi ni mara 6 ya asiye na VVU. Dozi 2 au 3 kama nilivyosema juu. Na uchunguzi aanze akiwa na miaka 25, asisubiri 30.

#16 Mratibu Baridi

Narudi kwa #4. Famasia amesema vituo viko Dar, na nimeona watu wanafikiri suluhisho ni kutumiwa chanjo kwa basi. Tafadhali msifanye hivyo bila kuelewa kinachoharibika.

Dar mpaka Mtwara ni kilomita 560 hivi, basi linachukua mchana mzima, na mvua ikikata barabara upande wa Kilwa linaweza kulala njiani. Kila mtu anaogopa joto, kwa hiyo anajaza barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza. Joto halikuwa adui mkubwa. Gardasil ya aina nne imeruhusiwa kukaa nje ya ubaridi hadi 42°C kwa siku 3 kwenye kampeni, kwa masharti yake. Adui ni kuganda. Ile chumvi ya alumini ikiganda inajikusanya vipande, inaachana na protini, na dozi imekufa. Kwa macho, ikishayeyuka, unaweza usione kitu.

Kwenye vichupa vya serikali tuna njia ya kutikisa: unachukua kichupa kimoja cha kampuni ileile, toleo lilelile, unakigandisha makusudi usiku, unakiyeyusha, unakitikisa pamoja na kile unachokishuku, unaviweka mezani bega kwa bega na kutazama kwa dakika 30. Kilichoganda kinatuama haraka, juu kunabaki maji maangavu, chini mashapo. Sasa wewe umenunua sindano moja iliyojazwa tayari. Cha kulinganisha utakitoa wapi? Na sindano za soko binafsi mara nyingi hazina hata kile kiduara cha VVM kinachobadilika rangi kwa joto. Hutajua kama ulichomwa chanjo au maji ya alumini.

Afadhali mwili usafiri kuifuata chanjo kuliko chanjo kusafiri kuufuata mwili. Mtumishi mwenye likizo au semina Dar apange dozi ya kwanza hapo, ya pili miezi 6 baadaye.

Kama ni lazima isafiri, kwa kundi la watumishi walionunua pamoja: vipande vya barafu vitolewe friza, vipangwe mezani mstari mmoja bila kubebana, visubiriwe mpaka ukivitikisa usikie maji yanacheza ndani. Ndipo viingie kwenye sanduku. Chanjo isiguse barafu, iwekewe kadibodi katikati. Kipimajoto ndani, na mwenye sanduku asome kila saa: 2 hadi 8. Ikifika, jokofu la kufungulia juu usiilaze chini kabisa ndani yake, na la kufungulia mbele usiibandike ukutani karibu na kigandishi.

#17 Sindano Moja

Nimeelewa sasa kwa nini watu wananunua halafu wanaanza kuwa na wasiwasi. Mratibu, hili bandiko lichapwe libandikwe.

#18 Matroni Kusini

Nyongeza kwa watakaochoma. Sindano za AD (zinazojifunga zikishatumika mara moja) za mpango wa taifa zina urefu wa milimita 25, zinatosha kwa binti wa miaka 9 na kwa watu wazima wengi. Mtumishi mwenye zaidi ya kilo 90 anahitaji milimita 38, la sivyo unaishia kwenye mafuta, haufiki kwenye msuli. Msuli wa bega, vidole viwili hadi vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega, wima nyuzi 90. Ukipanda juu sana unaingia kwenye kiungo na mtu anakaa wiki kadhaa hainui mkono. Tikisa kichupa kwanza mpaka kiwe cheupe sawasawa. Anayeivuta bila kutikisa anaacha alumini chini na kuchoma maji ya juu.

Dakika 15 akae. Hasa watumishi, wao huinuka palepale kurudi wodini. Kuzimia baada ya chanjo hii kunajulikana, na kuanguka na kugonga kichwa ukingoni mwa kitanda ni kubaya kuliko sindano yenyewe. Ya homa ya ini B anaweza kuipata siku hiyohiyo, mkono mwingine.

Kwenye kadi andika jina la chanjo, namba ya toleo, tarehe. "HPV 1" peke yake haisaidii mtu miaka mitano mbele.

#19 Kungwi wa Newala

Samahani natoka kidogo nje ya mada. Mnapojadili umri wa mabinti, msisahau kalenda ya unyago. Huku kwa Wamakonde na Wayao, na kwa Wamwera upande wa Lindi, wanachezwa likizo ya Juni na ya Desemba. Chanjo ikipelekwa shuleni kabla ya likizo, inamkuta binti kabla hajafundwa. Ikipelekwa baada, wengine wameshaambiwa wamekua. Na Oktoba hadi Desemba ni korosho, shule zinapungua watoto. Makungwi wakishirikishwa wanahimiza wenyewe, maana saratani ya kizazi wanaijua kwa harufu na kwa wanawake waliowazika. Kampeni ya Aprili 2024 iliyochukua wote wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja ilikuwa majira mazuri.

Hili linawahusu na wauguzi. Kungwi humuuliza muuguzi: "Wewe umechanjwa?" Akijibu "mimi umri umepita", kungwi anaondoka na jibu hilo hadi kijijini.

#20 Nesi wa Mikindani

Kungwi, hujatoka nje ya mada hata kidogo. Hilo la mwisho ndilo nililofungulia uzi. "Umri umepita" ndiyo sentensi inayonisumbua.

Nimewasikia wa dozi, wa aibu, wa uvumi, wa kanuni. Bado nashikilia langu: muuguzi angejua kwamba hapewi kwa sababu ya uchache wa dozi, angeidai. Anayeamini mwili wake umepitwa hadai.

#21 Famasia Lindi

Nami nashikilia langu. Wapo wanaojua yote hayo na hawajachanjwa, kwa sababu hakuna wa kumdai. Kujua hakuleti kichupa.

#22 Maabara Nachingwea

Kuna jambo moja zito halijasemwa. Dozi moja ukimpa binti wa miaka 9 inazuia mengi kuliko ukimpa mtumishi wa miaka 38. Kama chanjo ni chache, na miaka iliyopita imekuwa chache duniani, mtumishi kuingia foleni ya serikali ni kumtoa binti. Mimi ni wa kuwachanja watumishi, lakini kwa fungu lao: bima, chama cha wafanyakazi, au mwajiri, kwa sababu ya moshi na vyombo. Nisingependa kusikia halmashauri imegawa akiba ya mabinti.

#23 Bi Mkunguni

Maabara, nakubali la akiba. Lakini usimweke muuguzi wa miaka 22 na wa miaka 44 kapu moja. Wa 22 yuko karibu sana na yule binti kuliko na mwenzake wa 44.

#24 Ndanda Road

Na wa 22 huenda ameshachanjwa bila kukumbuka! Waliokuwa na miaka 14 mwaka 2018 ndio walioko vyuo vya uuguzi sasa hivi au wametoka juzi. Wakati ule ratiba ilikuwa dozi mbili, miezi 6 katikati, na wengi walipata ya kwanza tu kwa kuhama shule au kumaliza la saba. Wanajiona "sikumaliza". Kwa miongozo ya sasa dozi ile moja ya utotoni inahesabika. Wasianze upya, na wasijisemee kwamba hawana kinga.

#25 Tabibu wa Ruangwa

Sahihi Ndanda Road, isipokuwa mwenye VVU, huyo akamilishe.

Na kwa wote, aliyechanjwa na ambaye hajachanjwa: aina 16 na 18 zinasababisha karibu 70% ya saratani hii, si zote. Chanjo ya aina tisa inafikia kama 90%. Kilichobaki kinasubiri uchunguzi. Kuanzia miaka 30 fanya kipimo, cha HPV kama kipo, cha siki kama hakipo. Siki iwe 3 hadi 5%, dakika moja nzima kwa kutazama saa, si kwa kukisia. Anayetazama sekunde 20 anakosa weupe unaochelewa.

#26 Korosho Ghafi

Wanaume je? Tumesahaulika kabisa.

#27 Famasia Lindi

Gardasil imesajiliwa kwa wanaume pia, ila haimo kwenye mpango wetu. Fungua uzi wako mkuu, tutakuja.

#28 Mchinga Pwani

Habari, nimeusoma wote. Mtumishi wa miaka 31, ana mtoto wa miezi 4 ananyonya, VIA yake ya mwaka jana ilikuwa safi. Anakwenda Dar mwezi ujao kwa siku tatu. Achome?

#29 Mratibu Baridi

Achome. Akifika aulize wana ya aina nne au tisa, aione ikitolewa kwenye jokofu lenye kipimajoto, atazame tarehe ya mwisho, akae dakika 15, aondoke na kadi yenye namba ya toleo. Ahesabu miezi 6 tangu siku hiyo kama anafuata dozi mbili, au miezi 2 na 6 kama anafuata karatasi ya boksi. Hilo la mbili au tatu hatujalimaliza hapa, amuulize na daktari wa hicho kituo.

#30 Tabibu wa Ruangwa

Mbili.

#31 Famasia Lindi

Tatu. Karatasi ya boksi ndiyo iliyosajiliwa.